Kifodi Kinachogeuza Sakina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo kwa wenye magari litaonekana dogo, lakini kwa sisi tunaopanga bajeti kwa nauli ndilo linaloamua tutakula nini usiku na tutalala saa ngapi. Nina umri wa miaka 27, nimepanga chumba na sebule Ngaramtoni, na kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi karibu na Soko la Kilombero, jijini Arusha. Asubuhi sina malalamiko makubwa: tunakaa wanne wanne kwenye kiti cha watatu, magoti yanaumia, lakini tunafika. Shida yangu ni jioni, pale kifodi kilichoandikwa ubavuni kwamba kinakwenda Ngaramtoni kinapofika Sakina, kabla ya mwisho wa njia, na kugeuza.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine, vifodi ni jina letu la zile haisi ambazo kwingine huitwa daladala. Kila kimoja hupewa leseni ya njia yake na LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na njia hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye gari ili abiria ajue anapanda nini. Kukatisha ruti, yaani kuwashusha watu kabla ya kituo cha mwisho, ni kosa. Dereva analijua hilo, konda analijua, na hata mpiga debe anayeita “Ngaramtoni, mmoja tu, tunaondoka!” wakati ndani kuna nafasi sita naye analijua.

Nieleze jioni moja tu. Ilikuwa mwezi Juni, ambao hapa kwetu ni mwezi wa baridi na manyunyu yasiyokatika, na giza lilikuwa limekwisha kuingia. Tulipokaribia Sakina, konda, chalii wa miaka ishirini hivi, alikuwa amekwisha kukusanya nauli kamili kwa kila mmoja wetu, shilingi 700. Akagonga bati mara mbili, akafungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, akatangaza: “Mwisho wa gari hapa, inageuza!” Abiria wengi wakashuka kimya kimya, kwa mazoea. Aliyebaki kwenye kiti ni mama mmoja mtu mzima mwenye madumu mawili matupu ya maziwa, ambaye baada ya Ngaramtoni alikuwa bado na mwendo wa miguu kuelekea Olmotonyi. Akasema taratibu, “Mwanangu, mimi nimelipa mpaka Ngaramtoni.” Konda akajibu, “Mama, shuka tu, nyuma inakuja nyingine.” Mama hakushuka. Ndipo konda akatoa mfukoni sarafu ya shilingi 100 akamkabidhi, kana kwamba kutoka Sakina hadi Ngaramtoni kuna safari ya shilingi 100. Nilimpokea madumu, tukasimama naye pembeni ya barabara, na hiyo “nyingine” ilipofika baada ya dakika kama arobaini, tulilipa upya shilingi 600 kila mmoja.

Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, mwezi ule niliamua kuandika kila safari kwenye daftari. Nilikwenda kazini siku 26. Iwapo kila kifodi kingefika kilikoandikiwa, nauli yangu ya kwenda na kurudi ingekuwa shilingi 36,400. Jioni 15 nilifikishwa. Jioni 11 nilishushwa Sakina, na kati ya hizo, mara saba nilipata kifodi cha pili na mara nne nilichukua bodaboda kwa shilingi 2,000, kwa sababu saa tatu ilikuwa imekaribia na kituoni nilikuwa nimebaki peke yangu. Nyongeza hiyo ilifika shilingi 12,200, ambayo ni theluthi moja juu ya nauli niliyokuwa nimeipangia. Kwa mwenye mshahara mkubwa, fedha hiyo ni mafuta ya siku mbili. Kwangu ni mtungi mdogo wa gesi pamoja na unga.

Sitaki nionekane kana kwamba siwaelewi madereva, maana baba yangu mdogo aliendesha kifodi kwa miaka mingi na ninajua hesabu inavyokwenda. Gari si la dereva. Kila siku anatakiwa kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilichokubaliwa, abiria wawepo wasiwepo, na mafuta anajaza mwenyewe. Kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Sasa jioni abiria wote wanaelekea upande mmoja, kutoka mjini kwenda nje, na kifodi kinachofika Ngaramtoni saa mbili usiku kinarudi mjini kikiwa na viti vitupu na mafuta yaliyoungua bure. Kinachogeuza Sakina kinawahi kurudi Kilombero kujaza tena, na kwa muda huohuo kinapata vichwa mara mbili. Dereva anayetii leseni ndiye anayerudi nyumbani na fedha kidogo kuliko mwenzake. Mpangilio wa namna hiyo hauwezi kurekebishwa kwa kuwasihi madereva wawe na utu, na ndiyo sababu ninawaandikia wenye mamlaka na matajiri wa magari kupitia gazeti lako, kwa kuwa wao ndio wanaopanga masharti.

Eneo lenyewe linazidisha kitendawili. Sakina ndipo inapoanzia ile barabara ya njia nne ya kilomita 14.1 inayokwenda hadi Tengeru, barabara nzuri, ninaisifu. Sisi wa upande wa pili tunaishi pale njia nne zinapokwisha, na inaonekana usafiri nao umeamua kuishia hapohapo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 617,631 katika Jiji la Arusha, kutoka 416,442 mwaka 2012, na katika idadi hiyo hatumo sisi wa Ngaramtoni, kwa sababu tunahesabiwa katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kila alfajiri, hata hivyo, tunaamkia mjini. Vijana wengi tumesogea huku kwa sababu kodi ya chumba ni nafuu, na mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tofauti hiyo inaonekana waziwazi.

Ninapolizungumza suala hili nyumbani, jibu ninalopewa ni moja. Mama yangu mdogo, anayenitakia mema kwa kila hali, huniambia, “Mwanangu, si ukope tu ununue hata IST?” Wenzangu wawili kazini wamefanya hivyo, na mmoja wao sasa huliacha gari nyumbani kuanzia tarehe 15 kwa sababu ya bei ya mafuta, tunapanda naye kifodi na tunashushwa naye Sakina. Sioni aibu kutokuwa na gari. Kinachoniudhi ni jinsi hali hii inavyochukuliwa kama ugonjwa wa ujana utakaopona wenyewe mtu akipata fedha, hivyo hakuna anayeona haja ya kuutafutia dawa, na kila anayefanikiwa kununua gari anaacha kulalamika siku hiyohiyo. Matangazo ya kazi nayo yameanza kuandika kwamba mwombaji “awe na usafiri wake”. Mimi mwenyewe niliacha masomo ya jioni ya uhasibu mwaka jana, kozi ambayo ada yake nilikuwa nimekwisha kuilipa nusu, kwa kuwa kipindi kilimalizika saa mbili usiku na sikuwa na hakika hata siku moja ya kufika nyumbani kwa nauli ya kawaida.

Ombi langu la kwanza ni tiketi. Ndani ya kifodi abiria hapewi karatasi yoyote, kwa hiyo tunaposhushwa njiani hakuna ushahidi kwamba tulilipia hadi mwisho, ni neno langu dhidi ya neno la konda mwenye haraka. Mabasi ya mikoani yanatoa tiketi za mtandao. Sidai kompyuta kwenye haisi. Kipande cha karatasi chenye namba ya gari na jina la kituo cha mwisho kingetosha, na yule mama wa madumu angekuwa na kitu cha kuonyesha.

La pili linawahusu matajiri. Hesabu ya siku, yaani kile kiasi wanachopelekewa, ingeweza kupunguzwa kwa gari ambalo zamu yake ni kufunga ruti usiku, zamu zikazunguka, ili hasara ya kurudi na viti vitupu isibebwe na dereva mmoja kila siku. Wakikubaliana kwamba magari machache tu yatafika Ngaramtoni kila nusu saa hadi saa nne usiku, sisi tutayasubiri, hata yakichelewa kidogo, kwa sababu tutajua yanakuja. Na kama nauli ya usiku italazimika kuongezwa kidogo kisheria, binafsi ningependa kuilipa hiyo kuliko kulipa mara mbili kinyume cha sheria.

La mwisho ni msimamizi, hata mmoja, kusimama Sakina kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, hapo magari yanapogeuzia, ambapo kila mtu wa njia hii anapafahamu. Mwaka 2027 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, itapokea Kombe la Mataifa ya Afrika, na Arusha inajengewa uwanja kwa ajili hiyo. Nadhani si vibaya kama kabla ya wageni hao kufika tutakuwa tumejifunza kuwafikisha wenyeji nyumbani.

Daftari langu la mwezi Juni bado ninalo. Lina tarehe, saa na namba za magari yote 11, na sikuziandika hapa kwa kuwa sipendi dereva mmoja abebeshwe kosa la njia nzima. Mwenye dhamana akilihitaji, nitalipeleka mwenyewe ofisini kwake, mradi iwe asubuhi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msomaji wako, jina linahifadhiwa,
Ngaramtoni, Arusha.