Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mikono ipimwe kabla ya upasuaji wa titi

Mheshimiwa Waziri,

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa saratani ya matiti tunaomba jambo moja liingie kwenye mwongozo wa wizara: mikono yote miwili ipimwe kabla ya upasuaji, ili uvimbe wa mkono unaoweza kufuata matibabu ugunduliwe mapema. Kifaa ni futikamba, ile ile ya fundi cherehani. Mpimaji aanzie kwenye kifundo cha mkono, aweke alama kila sentimita 4 hadi karibu na kwapa, azungushe futikamba bila kukaza, aandike namba. Arudie kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo. Tofauti ya mikono ikiongezeka kwa sentimita 2, matibabu yaanze. Mgonjwa akisema mkono mzito au pete inambana, asisubirishwe hata hizo 2. Bila namba za awali tunabaki kubahatisha, maana mkono unaotumika zaidi huwa mnene kidogo tangu hapo.

Tezi za kwapa zikiondolewa au zikipigwa mionzi, njia za limfu (majimaji ya mwilini yanayorudi kwenye damu) hukatika ama huziba kwa kovu, na majimaji yenye protini hubaki chini ya ngozi. Kati ya wanawake 5 walioondolewa tezi nyingi, takriban 1 huvimba mkono. Mwanzoni uvimbe hupungua mkono ukiinuliwa. Ukiachwa, nyama hukakamaa, na hapo kuinua hakusaidii tena.

Ndiyo maana inatuuma kuona mgonjwa kapewa vidonge vya kukojoa. Maji hutoka, protini hubaki na kuyavuta upya. Bendeji inayovutika kama mpira nayo haifai. Itakiwayo ni isiyovutika sana, ifungwe kwa matabaka kuanzia vidoleni, ikibana zaidi chini kuliko juu. Uvimbe ukishuka, mgonjwa avae soksi ya mkono inayobana. Apewe 2, moja ivaliwe nyingine ikifuliwa, na zibadilishwe kila miezi 6 kwa kuwa hulegea.

Ule ushauri wa kutonyanyua kitu maisha yote ufutwe. Mazoezi ya uzito yakianza kidogo na kuongezwa polepole, chini ya uangalizi, ni salama. La haraka ni mkono mwekundu, wa moto, pamoja na homa: hayo ni maambukizi, na antibiotiki itolewe siku hiyo hiyo.

Fomu ya kabla ya upasuaji inahitaji safu 2 tu zaidi: mkono wa kulia, mkono wa kushoto.