Shoga yangu, ile picha itoe kwanza

Shoga yangu mpenzi,

Natumaini u mzima na watoto wazima. Mi huku niko salama, namshukuru Mungu, uchovu tu wa zamu. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikiwa kazini, nikairudia asubuhi nimeshatulia, ndo maana nimechelewa kujibu. Jambo lenyewe zito, sikutaka nikujibu kwa mistari miwili nikiwa natembea, nikaona bora nikae nikuandikie barua kabisa.

Nianze na pale ambapo una haki. Kosa lilikuwepo. Yule nesi binti wa zamu ya jioni alitoa antibayotiki ya saa 12 ila hakuiandika, we umeingia usiku umekuta karatasi ya dawa iko tupu, ungempa mgonjwa dozi ya pili juu ya ile bila kujua. Hilo sio dogo hata kidogo, na ungenyamaza ningekulaumu mimi wa kwanza. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kukwambia ungefumba macho.

Kilichoninyima usingizi ni ulichofanya baada ya hapo. Umepiga picha ile karatasi ukaitupa kwenye grupu la kazini saa 5 usiku, watu zaidi ya sitini wamo, metroni yumo, mpaka wanafunzi wa mazoezi wamo, na chini yake ukaandika "hivi we ulisomea chuo gani?" alafu wenzio wakaanza kujaza vicheko. Unanambia tangu siku hiyo yule binti hakusalimii, mkikabidhiana zamu anasoma ripoti huku ameinamisha macho, anamaliza anaondoka, na we unasema ana kiburi. Shoga, yule hana kiburi, yule anaona aibu. Anajua kila mtu anayepishana nae koridoni ameiona ile picha.

Alafu hiyo picha ina jina la mgonjwa juu pale pamoja na namba yake ya faili. Sijui kama uliliona hilo. Mgonjwa hakukosea kitu chochote, lakini ugonjwa wake na dawa zake ziko kwenye simu za watu sitini. Naomba kabla hujamaliza kusoma hii barua uende ukaifute, kama muda wa kufuta umepita mwambie msimamizi wa grupu aifute yeye, na uwaombe walioihifadhi nao waitoe. Mengine tutaongea.

Kuna kitu kilinitokea mwaka wangu wa kwanza kazini sijawahi kukusimulia chote. Niliacha dripu ya mama mmoja ikawa inakimbia, nesi mkubwa kwangu akaja akairekebisha, na pale pale mbele ya wagonjwa na ndugu waliokuja kuwaona akanisema mpaka nikahisi miguu haipo. Alikuwa sahihi, dripu ilikuwa inakimbia kweli. Sasa sikiliza kilichofuata. Wiki mbili baadae nina karatasi ya dawa ya maumivu, mwandiko wa daktari hausomeki, ile dozi yaweza kuwa 5 au yaweza kuwa 0.5, na anayejua mwandiko wa yule daktari vizuri kuliko wote ni huyo huyo nesi, amekaa hatua kumi toka nilipo. Sikumuuliza. Nilitoka nikaenda wodi nyingine kutafuta wa kumuuliza, nikarudi baada ya dakika kama ishirini, na mgonjwa muda wote huo anasikilizia maumivu yake kwa sababu mi namuogopa mtu. Mpaka leo naiona sura ya yule mgonjwa. Namshukuru Mungu sikukisia.

Sasa jiulize yule binti wako akikwama saa 9 usiku, na uliyepo zamu ni wewe, atakuuliza?

Umeandika kwamba ukweli ni ukweli, hauhitaji kubembelezwa, anayeumia na ukweli shauri yake. Nimekaa nalo sana hilo neno. Unamkumbuka Semmelweis, yule daktari tuliyefundishwa kwenye somo la ukunga? Ule mwaka 1847 pale hospitali kuu ya Vienna kulikuwa na kliniki mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, moja ya wakunga, na akina mama walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi kule kwa madaktari zaidi sana kuliko kwa wakunga. Yeye akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja kuzalisha na mikono ile ile, akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo ambavyo mwezi wa nne vilikuwa vimepita 18 katika kila akina mama 100 vikashuka mpaka kama 2 ilipofika mwezi wa sita. Huo ndo ukweli kuliko ukweli wote. Lakini wakubwa wengi wa fani walimkatalia, na kiburi chao kilikuwa kikubwa, sitaki kuwatetea. Miaka ikapita uchungu ukamjaa, mwaka 1861 na 1862 akaanza kuandika barua za wazi kwa maprofesa wa uzazi, anawataja kwa majina, anawaita wauaji. Alikuwa sahihi kuhusu mikono, kila neno. Ila nani anaitwa muuaji mbele ya dunia nzima akajibu "ahsante, naenda kunawa"? Waliozidi kumfungia milango ndo hao hao aliowahitaji wabadilike, na mwaka 1865 alifariki kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, ana miaka 47, bado hajasikilizwa. Mi huwa namuonea huruma kweli kweli, na huwa nawaonea huruma zaidi wale akina mama waliozaa kwenye miaka ile ya ugomvi.

Kwa hiyo kusema ukweli ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni ule ukweli umuingie anayepaswa kubadilika, na mtu aliyedhalilishwa hana nafasi ya kuuingiza, amejaa kujitetea.

Na sio maneno ya hisia tu haya. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa Israel, walichukua timu 24 za wodi za watoto wachanga mahututi wakawapa zoezi la kuigiza, mtoto njiti anazidiwa, wamtambue anaumwa nini na wamhudumie. Baadhi ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa mtaalamu mgeni aliyekuwa anawaangalia, nyingine zikasikia maneno ya kawaida. Waliodharauliwa walifanya vibaya zaidi kwenye kutambua ugonjwa na kwenye huduma yenyewe, kwa sababu walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Yaani dharau ya mtu mmoja inaweza kufika mpaka kwa mtoto kitandani. Na miaka ya 1990 Amy Edmondson, mwanamama mtafiti wa chuo kikuu cha Harvard, alipochunguza makosa ya dawa mahospitalini alikuta timu zinazoelewana vizuri ndo zinaripoti makosa mengi zaidi, jambo lililomshangaza mwanzoni, mpaka akaelewa kwamba sio kwamba wanakosea zaidi, ni kwamba wanathubutu kusema. Fikiria hilo upande wako. Grupu likinyamaza baada ya ile picha, usije ukadhani makosa yameisha.

Ungefanyaje? Umpigie simu usiku ule ule, dawa hii umetoa au hukutoa, kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri, umalize hilo. Kesho yake umvute chumba cha dawa, mlango umefungwa, umwambie bila kuzunguka kwamba nilikaribia kurudia dozi na niliogopa. Umuulize jioni ile ilikuwaje, maana hata hatujui alikuwa na wagonjwa wangapi peke yake. Kosa likijirudia, mpeleke kwa metroni na fomu ya tukio, ndo njia yake. Kwenye grupu unaweza kuandika "jamani tukumbuke kujaza karatasi ya dawa hapo hapo baada ya kutoa", haina jina la mtu, wote wameelewa.

Na lile jingine uliloniandikia, la mwenzio aliyeipeleka kwenye kikao fomu uliyoitengeneza wewe ya kukabidhiana zamu bila kukutaja, nalo linauma na una haki. Mwambie mwenyewe, usimseme kwangu.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, ila haya bado yana namna. Ulimuaibisha kwenye grupu, basi na msamaha uwe kwenye grupu, mfupi, bila "lakini" ndani yake, maana ukiweka lakini utakuwa umemsema upya. Ila kabla ya hapo nenda kwake uso kwa uso, asiusome kwenye simu kama wengine. Pengine hatakujibu vizuri siku hiyo, muache.

Nakuandikia haya yote kwa sababu nakujua. We ndo ulikesha na mimi wiki ile ya mitihani ya vitendo unanishika mkono kutafuta mshipa, nikikosea unasema "tena, taratibu", hukunicheka hata mara moja. Yule binti hajawahi kukutana na wewe huyo.

Nipigie ukimaliza kuongea nae, hata kama ni usiku wa manane, wiki hii yote niko zamu ya usiku, nitapokea.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.