Barua kwa mwana wa ndugu yangu aliyeipiga simiti nyumba ya Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Picha ulizotuma kwenye kundi la familia nimeziona. Ukuta umenyooka kama karatasi, taa zimechomekwa darini, na chini umeandika kuwa wageni wataupenda "uzuri wa mji wa kale". Sikukujibu kwa sababu arubaini ya bibi yako haijapita, na kila neno lililonijia lilikuwa la ugomvi. Naandika hapa hadharani kwa kuwa si wewe peke yako: nyumba ngapi za Lamu leo zinatengenezwa kwa simu kutoka Maskati na Dubai?

Mgeni anachokipenda, hata asipokijua jina, ni ubaridi wa kichochoro saa saba mchana. Njia zetu ni nyembamba hivi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma. Nyumba zimesimama ghorofa mbili pande zote, wikio, vile vyumba vya kuunganisha nyumba mbili, zimepita juu ya njia, na jua haligusi ardhi ila kwa muda mfupi. Kuta nazo ni nene, kama nusu mita, za mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa. Jiwe hilo lina matundu. Hunyonya unyevu kutoka chini, na chokaa, kwa kuwa nayo ina matundu, huuachilia utoke kwa upepo. Mji ulipoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, hizi ndizo kuta zilizoingizwa.

Simiti haina matundu ya kutosha. Unyevu ukipanda hukuta mlango umefungwa, basi hupanda juu zaidi, pamoja na chumvi yake. Chumvi hukauka nyuma ya plasta, huwa fuwele, hutanuka, husukuma. Utaanza kuona madoa ya kijivu kama mita moja kutoka sakafuni. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia sauti ya mtungi mtupu, plasta imeshaachana na ukuta. Ikianguka haianguki peke yake, inashuka na uso wa jiwe. Na maji yaliyokosa pa kutokea huenda kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Huko huozea gizani, katikati ya chumba ukiziona nzima.

Fundi wako kutoka bara si mtu mbaya. Anajua tofali. Mpe bisibisi, achome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita mbili bila nguvu, hiyo imekwisha, na kabla ya kitu chochote iwekewe nguzo chini, juu ya ubao mpana, ili sakafu isitobolewe. Vyumba vyetu ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo. Wewe unataka kubomoa ukuta wa kati upate "sebule kubwa". Ule ukuta ndio uliobeba dari mbili. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilianguka upande mmoja Unguja, Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Jiwe ni la namna hiyo hiyo.

Tenki pia. Lita 2,000 ni tani mbili, mwanangu, na umeliweka juu ya boriti. Literemshe kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, uweke pampu, na juu uache tenki dogo la lita 250 kwenye pembe ambapo kuta mbili nene zinakutana. Mabomba ya choo usiyachimbie ukutani. Yapite nje upande wa nyuma, ambapo yakivuja utayaona siku hiyo hiyo. Ni mabaya kuyatazama, lakini afadhali hivyo.

Yote haya yana dawa. Baraza, kile kiti cha mawe cha mlangoni, ndiyo iliyonikaa kooni. Uliivunja asubuhi ya siku ya nne, matanga hayajapoa, eti mikokoteni ya simiti haipiti. Alasiri akaja yule mzee wa mtaa aliyekuwa akiketi pale kabla wewe hujazaliwa. Akasimama na bakora yake, akaangalia kifusi, hakusema neno. Akageuka, akapitia njia nyingine. Hajapita tena mlangoni kwetu. Baraza ile ilikuwa mahali pa mgeni kusubiri bila kuingia ndani, na mahali pa jirani kutusalimia bila kubisha. Sasa umeweka vyungu viwili vya maua na kamera.

Utasema mbona mimi niliiacha nyumba ioze. Sikuiacha. Dari ya chokaa ilipoanza kuvuja ni mimi niliyeezeka mabati, na ndiyo, najua mabati ni mabaya kuyatazama. Lakini niliyainua sentimita thelathini ili upepo upite, na boriti za juu zikasalimika. Niliomba fedha za chokaa mara mbili. Zilikuja za televisheni. Bibi yako aliitazama mpaka mwisho, Mungu amrehemu, na sikumnyima. Pengine ningepiga kelele zaidi.

Basi sikiliza. Simiti itolewe kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia chini kwenda juu, si kwa mashine. Ukuta uachwe wazi ukauke, msimu mzima wa kaskazi ikiwezekana. Chumvi inayotoka isafishwe kwa brashi kavu; ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Chokaa ya tanuu itiwe ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, maana hutokota na kuruka machoni. Ichujwe, ilale shimoni chini ya maji mwezi mmoja, mitatu ni bora. Kisha sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Wa vilima vya Shela usiuguse kabisa, ndivyo vinavyotuwekea maji ya kunywa. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, na la pili lingoje kama wiki. Magunia mabichi yaning'inizwe mbele yake, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua haraka inakuwa unga. Fundi akikwambia siku tatu, hajui kazi hii.

Wageni wako wa Desemba waambie wangoje. Ukuta hautakuwa umenyooka. Utakuwa na mawimbi kidogo, kama uliokandwa kwa kiganja, na mwanga wa asubuhi utaukaa vizuri kuliko taa zako zote.

Zidaka za chumba cha ndani, vile vishubaka vya ukutani, zisiguswe hata kwa rangi. Nimeona alama ya penseli pale unapotaka kuweka kiyoyozi. Nimeifuta.

Mawe ya baraza niliyaokota kabla punda wa kifusi hawajayachukua, yako chini ya ngazi. Chokaa niliiweka shimoni tangu Rajabu, nyuma ya birika la kuwekea maji. Ufunguo wa chini anao mamako mdogo. Mwambie fundi asiingie chumba cha kati mpaka nguzo zisimamishwe.

Ami yako