Hadithi ya mvua kwenye kiganja

Chamwino, Dodoma

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Mbukwa! Barua yako nimeipata. Umeniuliza nafanyaje watoto wa awali watulie kwenye hadithi, na wengi wao nyumbani wanaongea Kigogo tu. Ukweli ni kwamba niliacha kuyategemea masikio peke yake.

Wiki hizi nina hadithi moja, ya bibi anayengoja mvua. Nikisema "ardhi imekauka," napita nikimimina vumbi jekundu kwenye kila kiganja. Nikisema "upepo," nawapepea kwa ungo. Mawingu yakitanda natikisa chupa niliyotia uwele, taratibu, kisha kwa kasi, mpaka darasa zima lisikie mvua juu ya bati. (Kizibo nimekigundisha, wa miaka mitano hawachelewi kutia punje puani.) Halafu nachovya tawi kwenye ndoo, nawarushia matone. Mwisho bibi anavuna, na kila mtoto anaonja uji wa uwele uliotiwa ubuyu.

Hadithi ileile, vitu vilevile, kwa mpangilio uleule, wiki tatu mfululizo. Usiibadilishe ukidhani wameichoka. Mtoto akishajua kinachofuata ndipo anapoanza kukitaja. Na ukishampa kitu mkononi, nyamaza, umngoje. Hilo nilichelewa sana kujifunza, nilikuwa nawajibia.

Kuna mmoja ambaye tangu Januari hakuwa ametamka neno la Kiswahili darasani. Alhamisi nilishika chupa, nikasita kuitikisa. Akanitazama, akainua viganja vyake vyenye vumbi, akasema: "Mvua." Nikampa chupa aitikise yeye. Na mwenzake asiyeona vizuri, ambaye picha zangu za ukutani hazijawahi kumfaa, alianza kucheka kabla tone halijamgusa. Alikuwa amesikia tawi likizama ndooni.

Uingereza njia hii wanaitumia kwa watoto wenye ulemavu mkubwa, lakini sisi tusiione ngeni. Bibi zetu walitusimulia huku mikono yetu ikipukuchua mahindi.

Basi usinunue chochote. Hapo Bahi una tope la majaruba, pumba za mpunga, masuke. Zana za kufaragua, za kujitengenezea kwa vitu vya hapo hapo, zimekuzunguka. Anza na vitu vinne tu, kimoja kwa kila sentensi, na wasiopenda kushika tope waache watazame kwanza.

Niandikie umechagua hadithi gani. Wasalimie nyumbani, mama hasa.

Rafiki yako wa Chamwino