Asante dokta uliyemcheki mdogo wangu moyo

Jamani huyu dokta hata jina simjui ila namshukuru mno. Mdogo wangu alikuwa na wiki 3 toka ajifungue, miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi, kila tulikopita tunaambiwa ni uchovu wa uzazi tu. Wewe ukatoa kimashine mfukoni, saizi ya rimoti, ukakichomeka kwenye simu, ukampaka jeli kifuani ukatuonyesha moyo umetanuka na unasukuma damu kwa kujivuta, ukasema huu ugonjwa huwapata wamama kuanzia mwisho wa mimba mpaka miezi 5 baada ya kuzaa. Dakika 10 hazikufika! Rufaa ukaandika palepale akapigwe eko kamili, yaani ultrasound ya moyo. Sasa hivi yuko kwenye dawa na usiku analala kabisa. Mungu akutunze dokta wangu, popote ulipo.