Mdogo wangu mwenyekiti, kuhusu muhtasari ule

Mdogo wangu,

Nilikupongeza kwa moyo mmoja ulipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji Novemba 2024. Lakini tangu lile suala la kumpa mwekezaji ardhi ya bondeni hatusalimiani kama ndugu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, haina utata hapo: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Na mkutano mkuu ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, si wajumbe wa halmashauri wasiozidi 25 wanaokutana ofisini. Wewe ulituletea muhtasari wa mkutano mkuu, umeshaandikwa tayari, nyuma yake mmebandika mahudhurio ya mkutano wa chanjo. Shangazi akauliza mkutano mkuu huo ulikaa lini. Ukamwambia akae chini, hoja yake haimo kwenye ajenda. Shangazi aliyekubeba mgongoni! Hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Kazi unaiweza, najua. Itisha mkutano mkuu kila miezi mitatu, hata kama hakuna mgeni wa wilayani. Mapato na matumizi yasomwe yote: namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho, kiasi kilichokatiwa, kiasi kilichofika benki, kilichotoka na kazi iliyofanyika. Pakiwa na pengo kati ya stakabadhi na taarifa ya benki, ujue watu wametumia fedha mbichi, yaani kabla hazijafika benki, na hapo ndipo hela za kijiji zinapopotelea. Mtendaji ni katibu wako, sawa, ila akihamishwa akabidhi vitabu kwa maandishi mbele ya kamati ya fedha. Bila hivyo mkaguzi akija, utakayeulizwa ni wewe. Saruji ya darasa ihesabiwe na wawili wa kamati ya ujenzi na iandikwe kwenye leja kabla gari halijaondoka. Ukingoja kesho, mifuko iliyopungua haina mwenyewe.

Unawaambia watu nilikuaibisha nilipokataa kusaini muhtasari ule. Saini yangu ingethibitisha mkutano ambao haukufanyika, na mgogoro ukifika baraza la ardhi, jina la kwanza kusomwa lingekuwa lako. Mimi nilikukinga, wewe ukaniita adui wa maendeleo mbele ya wanangu.

Ardhi yenyewe haijapimwa bado. Ifute karatasi ile, bandika tangazo, ombi la mwekezaji lisomwe hadharani pamoja na ekari na miaka anayotaka, wanakijiji waamue. Wakikubali, nitasaini siku hiyohiyo.

Kaka yako