Tambi za chumvi

Langoni, Lamu

Shoga yangu Maimuna,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu. Barua yako nilimsomea Bibi, na pale uliposema unarudi kazini usiku ukala mkate mkavu na chai ya rangi, akaniambia nirudie. Kwani huko Eldoret hakuna mayai?

Sikiza basi. Pepo za kusi zimekaza, mashua zimefungwa, samaki sokoni ni wa kubahatisha. Juzi jikoni nilikuwa na mayai matatu, pakiti moja ya tambi zile za kupika haraka, na mboga kidogo. Nikasema, leo ni kimanda.

Usifanye nilivyofanya mara ya kwanza. Pakiti imeandikwa dakika tatu, nami nikazichemsha tatu kamili. Zilipoingia kwenye yai na kurudi motoni zikawa bokoboko. Kumbe huko kiwandani huwa zimeshapikwa kwa mvuke na kukaangwa kwenye mafuta. Ujanja huo aliuleta Mjapani, Momofuku Ando, mwaka 1958: zikikaangwa maji hutoka, yakaacha vitundu vidogo vidogo, na maji ya moto yakija hupenya mumo humo. Kwa hivyo zachemshe dakika moja na nusu tu, zikianza kuachana zimwage kwenye chujio uzitikise hadi zikauke. Zikibaki na maji, kimanda hakishikani.

Kitunguu, karoti ya kukuna, kabichi nyembamba, na hoho ukipata, vikaange kidogo peke yake. Nyanya mimi siweki. Ule unga wa ndani ya pakiti tia nusu, chumvi yake kali. Piga mayai, changanya vyote bakulini na pilipili manga na kotimiri, mimina kwenye mafuta ya moto, kisha punguza moto ufunike. Hapo usiwe na haraka. Changu cha pili kiliungua chini na juu bado kinatiririka. Kingo zikijiachia, kipindulie kwenye sahani, ukiteleze tena kikaangoni upande mbichi uwe chini. Ukiogopa, kikate vipande vinne ugeuze kimoja kimoja. Nani anakuona?

Sasa Bibi. Nilimwambia chakula ni tambi, akajiweka vizuri mkekani akingoja zake za sukari, tui na iliki. Alipotia tonge mdomoni akanyamaza.

"Tambi za chumvi?"

Alinitazama kama niliyemtilia chumvi kwenye kahawa. Lakini alikula, akaagiza ndimu na achari ya embe, akamaliza na kipande changu. Kisha akatoa hukumu: kimekosa nazi. Nikamwambia, Bibi, hapa nazi haiingii.

Leo asubuhi nimemkuta juu ya mbuzi anakuna nazi, pakiti ya tambi iko ubavuni mwake. Sijamuuliza kitu. Nitakuandikia.

Wako,
Zuhura